Vyungu Visivyogongwa

Siku ya soko kule Lyulilo mnunuzi hamwamini mfinyanzi hata kama ni mama yake mzazi. Atakiinua chungu, atakigonga kwa kifundo cha kidole, atatega sikio. Kikilia sauti kavu, iliyo wazi, ni kizima. Kikilia kama mtu mwenye mafua, kina ufa, anakirudisha chini. Vyungu vya Wakisi vinauzwa hivyo tangu zamani. Sasa wapo wanaosema wifi yangu Tulinagwe ameingiwa na wazimu, kwa sababu hapa mwaloni kwetu Mwaya, mitumbwi inapofikia, hamruhusu mtu agonge chungu chake. Ukitaka kukigonga ukibebe mpaka juu kanisani, ukigonge huko, na kama ni kibovu ukirudishe. Watu wanacheka. Nimewasikia wanacheka mpaka Mbugani mjini.

Wacheke. Nitaeleza ilivyokuwa, na nikipandisha sauti msiniambie niishushe. Wazazi wangu waliniita Kisa, yaani huruma. Wangesubiri kwanza nianze kusema, wangenichagulia jina jingine.

Tulinagwe alizaliwa Ikombe, kule ambako mlima umesogea mpaka majini na watu wamebakiziwa kipande chembamba cha kukaa. Mtoto wa kike wa huko anajua udongo kabla hajajua kusoma. Kaka yangu Andongwisye alikwenda kuuza mchele akarudi na habari za mchumba. Mama yetu alinung'unika sana: sisi tuna mpunga, tuna kokoa, tuna ndizi, huyo binti wa Kikisi anakuja na nini? Alikuja na mtumbwi umejaa udongo. Mpaka leo udongo wake unatoka kwao, kwa sababu udongo wa Mwaya anasema ni mvivu.

Yeye mwenyewe si mvivu, ila ni mpole wa kukera. Anaketi chini, miguu ameinyoosha, tonge la udongo liko juu ya kigae. Mkono mmoja unakizungusha kigae, mwingine unaupandisha ukuta wa chungu kidogo kidogo. Mimi nikimtazama nachoka kwa niaba yake. Nikimwambia, "Wifi, fanya haraka basi," ananijibu bila kuinua macho, "Wifi, ndiyo maana wali wako una kiini." Tumeishi hivyo miaka yote, mimi nafoka na yeye anazungusha kigae.

Sasa viboko. Kusema kweli viboko mimi siwapendi, na sitajifanya ninawapenda ili hadithi hii ipendeze. Wanakula mpunga wetu, wanapindua mitumbwi, na hawaombi radhi. Lakini tulikuwa tunajuana. Walikuwa na njia yao karibu na mlango wa mto, imechimbika kama mtaro kwa kukanyagwa miaka na miaka. Usiku wanapanda kwenda malishoni, alfajiri wanashuka. Sisi tulikuwa na mwalo wetu, na kila mtu alishika njia yake.

Juu ya njia hiyo ndipo Eliud alipojenga ukuta.

Eliud ni mtoto wa hapahapa, ana duka kubwa Mbugani. Aliona watu wa mjini wanapenda kuja ufukweni mwisho wa wiki, akajenga hoteli: vibanda vya makuti, baa, maspika marefu kuliko yeye, na ukuta wa tofali kutoka barabarani mpaka majini. Wazee walimwambia, mwanetu, hapa wanapita viboko. Akasema viboko watazoea. Ndiyo, walizoea. Walizoea kupita mwaloni kwetu.

Alfajiri moja kaka yangu alishuka kwenda kutoa nyavu, akakutana na kiboko jike anarudi ziwani na mtoto wake. Andongwisye alikuwa amesimama katikati ya yule mama na maji. Hapakuwa na pa kukimbilia.

Askari wa wanyamapori walikuja wakampiga risasi yule jike, kama kazi yao inavyotaka. Nyama iligawanywa. Mtoto wake, aliyekuwa amekwisha anza kula majani, alibaki amesimama kwenye maji mafupi pale mama yake alipoangukia, haondoki, hata watu walipopiga kelele. Vijana wakamfunga kwa nyavu. Eliud akaja na gari lake akamchukua. Alisema ana kibali. Hakuna mtu aliyewahi kukiona.

Mnajua mazishi yetu yalivyo. Kabla jeneza halijashuka, mtu wa familia anasimama anasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, alibatizwa na nani, alimwoa nani, ameacha watoto wangapi. Mwisho anasema kifo chenyewe kilivyokuja. Anasema mara moja, mbele ya watu wote, pasibaki minong'ono. Kisha udongo unarudishwa na maneno yale yanafukiwa pamoja na mwenyewe. Huyarudii sokoni, huyarudii kilabuni. Kifo cha mtu kinasemwa mara moja.

Siku ile nilisoma mimi. Nilisema kaka yangu alitoka nyumbani bila kunywa chai, akamwambia mke wake amfunikie kikombe, atakunywa akirudi. Nilisema Tulinagwe alikifunika kwa kisahani. Eliud alikuwa amekaa mbele, kwenye viti vya plastiki, chini ya turubai. Alitoa rambirambi nono. Alifuta macho kwa leso, kumbe masikio yalikuwa yanafanya kazi.

Baadaye, siku ya Jumamosi, Tulinagwe alikuwa uani anafinyanga, mimi namenya ndizi. Maspika ya Eliud yakaanza kunguruma kama kawaida yake. Safari hii muziki ulikatwa ikaja sauti ya Wilson. Wilson ni mshereheshaji, ameongoza harusi za nusu ya wilaya hii, sauti yake inajulikana kama kengele ya shule. Akasema: "Mabibi na mabwana, sogeeni bwawani mumwone mtoto wa muuaji! Mama yake alimuua mvuvi shujaa wa hapahapa. Alitoka nyumbani bila kunywa chai. Alimwambia mke wake, nifunikie kikombe..."

Mkono wa Tulinagwe ulisimama. Sijawahi kuuona ukisimama katikati ya chungu. Ukuta wa chungu uliinama, ukalala, naye hakuushika.

"Wifi," akasema, "hayo ni maneno ya kaburini."

Mimi nilikwisha simama na kisu cha ndizi mkononi. Aliniambia nikiweke chini kwanza, ndipo twende.

Bwawa lile ni shimo la saruji, refu kidogo kuliko mtumbwi. Maji yalikuwa ya kijani, mazito, na yananuka. Ndani yake alikuwamo yule ndama wa kiboko. Mgongo wake haukufunikwa na maji, ngozi ilikuwa imekauka na kupasuka, nyama nyekundu inaonekana. Alikuwa anazunguka. Ukutani, kona, ukutani, kona, upande uleule, bila kusimama, na kila akifika kona moja anaiuma saruji. Meno ya mbele yalikuwa yamekatika. Juu ya ukuta kibao cha rangi nyekundu kilisema MTOTO WA MUUAJI. Mhudumu mmoja akaja na ndoo ya bati ya kabichi, akaigonga kwa kijiko, ngo ngo ngo. Ndama akaacha kuzunguka, akaja mbio, akafungua kinywa kile chenye vigutu vya meno. Watu wakapiga makofi na kuinua simu zao.

Jamani, mimi kiboko simpendi. Aliyeniulia kaka ni mama yake huyu. Lakini nilipowaona wale watu wanapiga makofi nilitaka kuwatupa wote mle ndani, mmoja mmoja, na viatu vyao vya ufukweni.

Eliud alikuja na tabasamu. "Mugonile, shemeji! Na wewe Kisa, karibuni, mtakunywa nini?"

"Hatukuja kunywa," nikasema.

"Shemeji," akasema, akimgeukia Tulinagwe kana kwamba mimi ni nguzo, "nilikuwa nakuja kwako mwenyewe. Tazama." Akatoa simu. Kulikuwa na video ya bwawa kubwa la huko Marekani, na ndani yake nyangumi mweusi mwenye mabaka meupe. Anaruka, anadondoka, maji yanawarukia watu, watu wanashangilia. "Anaitwa nyangumi muuaji. Dunia nzima inakwenda kumwona. Nikasema, kama wenzetu wana nyangumi muuaji, sisi kiboko wetu ana kasoro gani?"

Tulinagwe aliitazama video mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mama yake yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyu nyangumi."

Eliud akacheka. "Shemeji bwana. Nitajuaje? Sikiliza, nataka ukae hapa kila Jumamosi na vyungu vyako. Wilson akimaliza kusimulia, watu wakuone wewe, mjane mwenyewe, wakununulie. Sote tunanufaika. Na wewe pia si unataka kumwona huyu mnyama akiipata haki yake?"

"Bwana Eliud," Tulinagwe akasema, "mume wangu tulimzika. Wewe unamfukua kila Jumamosi. Na huyu mtoto mrudishe mtoni, atakufa hapa."

"Aah, shemeji. Huyu ni mnyama. Mnyama hana msiba."

Wifi yangu alimtazama usoni. Mimi nilishangaa, maana nilitarajia alie. "Ndaga fijo," akasema. Asante sana. Tukarudi nyumbani, na njia nzima nilimtukana Eliud kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili. Nilipochoka akaniambia, "Wifi, wewe unajua kusoma wasifu. Nisaidie kuupanga."

Jumamosi iliyofuata hoteli ilijaa. Tulinagwe alikuja amevaa khanga zake za msiba, na nyuma yake wanawake wa mwaloni na wa kwaya, wote wamejifunga khanga. Eliud alipowaona alifurahi, masikini, alidhani ndiyo ule mpango wake umekubaliwa. Akamwashiria Wilson ampe mama kipaza sauti.

Tulinagwe akakishika kwa mikono miwili.

"Tunasoma wasifu wa marehemu," akasema. "Jina lake hatulijui. Alizaliwa mlangoni mwa mto, kabla wengi wetu hatujazaliwa labda. Alikuwa na njia yake, aliyoonyeshwa na mama yake. Ameacha mtoto mmoja, ndiye huyu mnayemwona. Kifo chake kilikuja hivi. Njia yake ilizibwa kwa ukuta. Akatafuta nyingine, akapitia mwaloni kwetu, akakutana na mume wangu, Andongwisye. Akamuua, akidhani anamlinda mtoto wake. Naye akapigwa risasi kwa ajili hiyo. Wasifu wake haukusomwa na mtu yeyote, na mtoto wake hakuachwa alie. Leo tumeusoma. Hatutausoma tena."

Sasa sikilizeni watu wa kwetu walivyo. Unaposomwa wasifu, miguu inasimama yenyewe. Wanaume waliokuwa na chupa mkononi waliziweka chini, kofia zikatoka vichwani. Wengine hawakujua hata wanamsimamia nani. Macho yakaanza kugeuka, moja baada ya jingine, kuutazama ule ukuta wa tofali. Kisha Tulinagwe akaketi chini, kwenye saruji, kando ya bwawa, akanyoosha miguu kama anapofinyanga. Wanawake wote wakaketi. Mmoja akaanzisha wimbo wa mazishi.

Wilson alizima mashine bila kuambiwa. Hakuna mshereheshaji wa Kyela atakayepiga muziki juu ya msiba, labda awe anahama wilaya.

"Inukeni!" Eliud akasema. "Mama zangu, hapa ni mahali pa biashara!"

Hakuna aliyeinuka. Na nani angewainua? Msiba haufukuzwi. Anayewafukuza waombolezaji, siku yake ikifika nani atamchimbia? Eliud analijua hilo kama anavyolijua jina lake, ndiyo maana alibaki amesimama anafungua na kufumba mikono. Wateja wakawa wanaondoka taratibu, na kwa adabu kila mmoja anampa mkono: "Pole na msiba, Bwana Eliud." Mzee mmoja wa Katumba Songwe akamwachia rambirambi. Nilicheka mpaka nikajificha kwenye khanga, na waliokuwa karibu wakadhani nalia.

Eliud akatuma aitwe Mwinjilisti Sadoki aje atuondoe. Sadoki alifika na baiskeli, akatutazama, akamtazama ndama, akakuna kichwa. "Mama Tulinagwe, kanisa halina ibada ya kiboko."

"Sikuombi ibada, Mwinjilisti," Tulinagwe akasema. "Nakuomba ukae."

Sadoki akaegemeza baiskeli yake kwenye ule ukuta, akaketi.

Tulilala pale. Tulipika pale, ndizi na maharage, na Eliud akalazimika kutoa kuni, maana msiba uko kwake. Tulimwagia ndama maji mgongoni kwa zamu, kwa mitungi ya Tulinagwe. Mimi pia nilimwagia, huku namtukana. Jioni viboko wa mtoni wakianza kukoroma kule nje, yeye anaacha kuzunguka, anainua masikio, anatoa mkoromo mdogo uliopasuka, kisha anarudi kuzunguka. Hapo ndipo nililia kweli, na sikutaka mtu aniulize namlilia nani.

Habari zilifika mbali. Askari wa wanyamapori walipokuja, swali lao la kwanza lilikuwa kibali. Eliud alifungua droo zote za hoteli, akapiga simu, akajipapasa mifuko. Wakamfunga ndama, wakamlaza ndani ya gari juu ya mikeka iliyoloweshwa, wakampeleka mlangoni mwa mto. Na ukuta wakaamuru uvunjwe pale njia inapopita. Tulinagwe akainuka, akakung'uta khanga, akasema matanga yameanuliwa.

Mngependa niishie hapo. Hata mimi ningependa.

Ndama aliingia majini, na mbele yake ziwa lote la Nyasa. Akaanza kuzunguka. Mduara uleule, ukubwa wa bwawa, upande uleule, na pale ilipokuwa kona anauma maji. Wenzake wako kule, wanamtazama. Yeye anazunguka mahali ambapo hakuna ukuta. Nilimtafuta Eliud kwa macho nimwonyeshe, lakini hakuwapo, alikuwa anahesabu tofali zake.

Lililo baya zaidi lilikuja kesho yake. Mama mmoja alikuwa anaosha sufuria mwaloni, akaigonga jiweni imwagike maganda. Ndama akaacha kuzunguka akaja mbio kwake, kinywa wazi, anataka kabichi. Yule mama alitupa sufuria na kukimbia. Askari mmoja aliyekuwa amebaki kumwangalia alituambia bila kuficha: "Leo anakuja kwa ajili ya kabichi. Akikua atamuumiza mtu. Akizoea kuja mwaloni, tutarudi na bunduki, mama zangu. Hatutakuwa na njia nyingine."

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Eliud alimfundisha kuja kwa mlio wa ndoo, na ndoo hiyo ingemuua. Tulinagwe alikwenda nyumba kwa nyumba, kwa mwendo wake ule wa kukera. Pasigongwe kitu mwaloni. Sufuria zioshwe nyumbani. Makasia yashushwe taratibu. Na yeye, ambaye mkate wake ni vyungu, na vyungu haviuziki bila kugongwa, alianza na vya kwake. Wengi waliokuja kununua walikwenda kwa wafinyanzi wengine. Yeye aliendelea kuzungusha kigae.

Siku zikaenda. Mduara wa ndama ukawa unapanuka kidogo, ukasogea kuelekea kwa wenzake. Ndipo Eliud akaja, mchana kweupe, na wageni wake wenye simu, na ile ndoo ya bati. "Msiogope," akawaambia, "mimi ananijua." Akaigonga. Ngo ngo ngo.

Ndama aligeuza kichwa. Akaja. Wanawake wakakusanya watoto. Nilikuwa karibu na Eliud kuliko mtu mwingine, na sikufikiri. Niliinyakua ile ndoo, na kwa bahati yake kabichi ndizo zilizomwangukia, si ndoo.

"Kisa! Una wazimu? Nitakupeleka polisi!"

"Nipeleke," nikasema, kwa sauti ya chini, labda mara ya kwanza maishani mwangu. "Lakini usigonge."

Mnunuzi mmoja alikuwa amechuchumaa mbele ya vyungu vya Tulinagwe, kimoja mkononi, kidole kimekunjwa hewani. Alibaki hivyohivyo. Ndama alisimama katikati ya maji, masikio yanacheza, anangoja. Mwalo mzima ulingoja naye. Ndama alisimama muda mrefu mno. Kisha akageuka, akarudi taratibu kwa wenzake.

Yule mnunuzi akanong'ona, "Sasa mama, nitajuaje kama chungu ni kizima?"

"Nenda nacho," Tulinagwe akamwambia. "Kikivuja, njoo."

Ndoo ya Eliud ninayo mimi. Namsombea wifi udongo nayo kutoka mtumbwini, na kile kishikio chake cha chuma nimekiviringisha kitambaa, kisigonge.